Jina Liwake

Kabla mashine hazijaja kuwafundisha watu uvivu, duka halikufunguliwa mjini Migori mpaka Mayaka awe amepita na makopo yake ya rangi. Hakuwa amesoma kupita darasa la nne. Herufi alijifunza kwenye magunia ya mbolea na majalada ya Biblia, kule Kisii alikozaliwa, na brashi alizifunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa ndama. Alifika Migori mwaka wa sabini na moja na mke wake Nyakerario, na hao wawili ndio waliokuwa kampuni nzima.

Maana bango haliandikwi na mtu mmoja. Kwanza sharti upatikane mstari ulionyooka, nao hupatikana kwa kamba iliyopakwa chaki. Nyakerario alishika ncha moja, Mayaka nyingine, wakaivuta mpaka ikaimba. Kisha Mayaka aliibana katikati kwa vidole viwili akaiachia, ikaacha ukutani alama nyembamba kama unywele.

"Umelegeza," angemwambia mkewe.

"Ni wewe umezeeka," mkewe angejibu. Alianza kujibu hivyo wakiwa na miaka ishirini na mitano.

Na walikuwa na neno lao. Herufi zikishakauka, Mayaka alichovya brashi ndogo katika rangi nyeupe akapiga mstari mmoja ubavuni mwa kila herufi, upande wa mawio. Herufi iliyokuwa imelala ukutani ikasimama. Hiyo waliiita kuwasha. "Imewaka?" angeuliza akiwa juu ya ngazi. Nyakerario angevuka barabara, atazame kwa mbali, aseme, "Imewaka," ama, "Bado." Akisema bado, Mayaka hakushuka. Mteja yeyote wa miaka ile alijua maana ya kusema: nataka liwake.

Mwaka wa tisini na saba akaja Shamima kutoka Mombasa na kompyuta na printa ya rangi, akafungua duka karibu na stendi. Wa kwanza kumkimbilia walikuwa wenye kumbi za video. Walitaka majina ya sinema yanayoungua, na yeye aliyaunguza kabla chai haijapoa. Mayaka alikwenda kuona kwa macho yake.

"Karibu mzee," Shamima akasema. "Kutazama ni bure."

Akaandika DISKO kwa herufi nyeupe juu ya weusi, kisha akaligeuza neno likalala ubavu.

"Mbona unalilaza kama mgonjwa?"

"Upepo wa programu hii huvuma kutoka pembeni tu, haujui kupanda juu. Kwa hiyo neno twalilaza, twalipiga upepo, halafu twalisimamisha."

Akalipiga upepo mara tatu, herufi zikaota nywele. Akalisimamisha, akalitia ukungu, akalitikisa likayumba kama kitu kilicho chini ya maji. Mpaka hapo lilikuwa jivu tupu. Mwisho akabofya penye rangi: weusi ukazaa wekundu, wekundu ukazaa manjano, na katikati pakabaki peupe kama chuma cha mhunzi. Neno zima lilikuwa linateketea, na yule mama hakuwa amelowesha hata kidole.

"Moto huo hauna joto," Mayaka akasema.

"Wateja hawauoti, mzee. Wanautazama."

Alilibeba jibu hilo mpaka nyumbani. Nyakerario alicheka hadi akakaa chini. "Huyo mama amekushinda," alisema. Hakuwa amejua bado kwamba wameshindwa wote wawili.

Kuta ziliisha moja baada ya nyingine. Wenye maduka walibandika karatasi, zikapauka kwa jua, wakabandika nyingine, wala hakuna aliyeona aibu. Zamani bango lilidumu kuliko mwenye duka. Ikafika mwaka Mayaka hakufungua kopo mwezi mzima, ndipo Nyakerario akaanza kupika pombe ya busaa nyuma ya nyumba, akiwauzia wachimba dhahabu wa Osiri. Walikuwa Wasabato, yeye na mumewe. Siku moja Onsongo, mzee wa kanisa, alisimama mbele ya washiriki wote, akalisoma jina la Nyakerario kwa sauti, akasema limefutwa kitabuni.

Nyakerario akavunja mitungi yake. Akaomba abatizwe upya, akaambiwa angoje robo ya mwaka. Ugonjwa wa tumbo haukungoja. Kule Homa Bay, katika wodi, alimshika mumewe mkono.

"Onsongo alisoma jina langu akilifuta," alisema. "Nataka alisome tena akinizika. Na wewe uliandike."

"Nitaliandika."

"Liwake."

Akafa kesho yake, mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na tisa. Mayaka alikwenda kwa Onsongo, naye hakuwa mtu wa jiwe. "Nimesikia alitubu," akasema. "Lete msalaba wenye jina lake. Nitalisoma kaburini, na kanisa litaitika. Atahesabiwa wetu."

Basi ilibaki jina tu. Mayaka alikata ubao, akaupiga randa, akaupaka rangi nyeupe. Alipoinua kamba ya chaki, akakumbuka kwamba ina ncha mbili. Akafunga moja kwenye msumari, lakini msumari hauvuti, na mstari ukatoka umepinda. Akaandika hivyo hivyo. Mkono, ambao tina ya kuchanganyia rangi ilikuwa imeuulia neva kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo, ulitetemeka, na herufi ya kwanza ikatoka kama imeandikwa na mtu aliyepanda punda. Akafuta. Mara ya tatu alipofuta, maiti ilikuwa inamngoja Homa Bay. Akajikaza, akachukua ubao, akaenda kwa Shamima.

"Mke wangu ametutoka. Niandikie jina lake hapa, Nyakerario, na chini yake: amelala 1999."

"Pole sana, mzee wangu. Nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Waitakaje?"

"Safi. Jina liwake."

Shamima alimtazama kidogo. "Liwake kweli?"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba."

Akaondoka kwenda kuchukua maiti. Aliporudi, ubao ulikuwa tayari, karatasi imebandikwa kwa gundi, vyote vimefungwa katika gazeti na kamba. Shamima alikataa malipo. Alisema kazi ile ameifanya mara mbili, ya kwanza hakuridhika nayo.

Mayaka hakuufungua. Tangu ujana alikuwa na mwiko wake, kwamba bango halifunuliwi kabla ya kufika mahali pake. Aliupigilia msalabani ungali umefungwa, akaupeleka hadi kwenye kishamba chao nje ya Rongo.

Watu walikuwa wengi. Kanisa lilikaa upande mmoja, na upande wa pili walikaa majirani wa Migori, akiwemo mwanamke Mjaluo muuza samaki waliyemwita Nyar Sindo, ambaye ndiye aliyemwosha Nyakerario siku zake za mwisho. Jeneza likashushwa. Onsongo akafungua Biblia, akasema, "Mume alete jina."

Mayaka akasimamisha msalaba, akakata kamba, akalivua gazeti.

Nyakerario alikuwa anaungua. Kila herufi ya jina lake ilitoka moto, ndimi zinapanda juu, nyekundu na manjano juu ya weusi, moto mzuri kuliko wowote ambao Shamima alikuwa amewahi kuwatengenezea watu wa video. Chini yake, kwa herufi ndogo zinazofuka: amelala 1999.

Hakuna aliyelia tena. Nyuma mwanamke mmoja wa kanisa alisema kwa sauti ya chini, "Mume mwenyewe amesema aendako: motoni."

Onsongo alifunga Biblia, kidole kikiwa ndani. "Ni nani ameandika hii?"

Mayaka angeweza kusema kompyuta. Lakini jina la mkewe alikuwa ameahidi kuliandika mwenyewe, hakuahidi kumwagiza mtu. "Ni mimi," akasema. "Nilisema liwake."

"Basi limewaka."

"Onsongo, si kuwaka huko. Kuwaka kwa rangi. Wewe duka lako nililiandika mimi, ukaniambia liwake."

"Duka si kaburi," Onsongo akajibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mayaka zaidi. "Wewe unajua dhambi ya mke wako kuliko sisi. Ukimwandikia moto mbele ya kanisa, mimi nitasoma nini?"

Nyar Sindo akasimama. "Kwetu mwenye boma akifa huwashiwa moto nje, watu wanakaa hapo siku kadhaa. Moto ni heshima. Soma tu jina, baba."

"Kwenu," Onsongo akasema. "Na ni kwa mwanamume."

Akaomba kifupi, akimwita marehemu dada huyu, mara mbili, dada huyu. Kanisa likaitika amina ya kuondokea. Jina halikusomwa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Wino wa printa hauwezi maji, na moto ukateremka kwenye ubao kwa michirizi ya waridi mpaka karatasi ikabaki nyeupe na kuvimba. Shamima alikuja na sukari kutoa pole. Alisimama akiutazama ubao.

"Ulisema liwake, mzee."

"Nilisema."

"Kila anayekuja kwangu akisema vile, ataka moto."

"Najua, mama. Siku hizi ndiyo maana yake."

Alipoondoka, Mayaka aling'oa karatasi, akakwangua gundi, akafunga ncha moja ya kamba kwenye mkono wa msalaba na kuivuta nyingine. Mstari ulipinda. Akaandika kwa rangi nyeusi, siku nzima, akipumzisha mkono baada ya kila herufi, mpaka jina likatimia, linatetemeka lakini linasomeka. Kisha akafungua kopo la rangi nyeupe, akachovya ile brashi ndogo.

Akatazama ng'ambo ya njia. Hapakuwa na mtu wa kumwambia imewaka ama bado. Akaifuta brashi kwenye suruali, akagongomea kifuniko cha kopo.