Profesa wa Jeneza

Kinyozi huyu alikuwa shujaa wa kutazama. Kila Jumamosi mchana, kwa miaka ishirini na miwili, aliweka filamu ileile ya kutisha, ya zamani, isiyo na rangi, kwenye televisheni ya saluni yake. Ilianza kwenye kanda, ikahamia kwenye sidii, sasa imo kwenye flashi. Wateja walimwita Profesa, naye hakukataa. Mwenye haya angekataa. Lakini nyumbani mkewe na wanawe walikwishachoka kumsikiliza, kwa hiyo heshima yake yote duniani ilikuwa kwenye lile benchi la wateja.

"Nyie mnaogopa makelele," aliwaambia, mashine ikinguruma sikioni mwa mtu. "Hofu ya kweli iko kwenye kimya. Ngojeni jeneza lifunguliwe!"

Jeneza lilifunguliwa dakika ya sabini na moja. Dakika ya sabini Profesa alichukua wembe, akachuchumaa nyuma ya kiti, akaanza kunyoa kisogo cha mteja. Aliyekwishanyolewa kisogo alinyolewa tena. Aliyeketi dakika hiyohiyo alianziwa kisogoni, utosi ukiwa bado msitu. "Kisogo hakitaki haraka," alisema kutoka huko chini, na watu wazima na akili zao wakauita huo ustadi.

Jumamosi moja shemeji yake, mshonaji, alileta mashuka mapya ya kunyolea, akaketi kupumzika. Alimwona Profesa anavyochuchumaa. Akachukua rimoti, akaisimamisha filamu.

"Shemeji, inuka. Tuambie kwanza, humo anatoka nani?"

"Swali gani hilo?" Profesa aliinuka, akijikaza kisabuni. "Maiti! Mrefu, ana ndevu mpaka hapa, kucha kama majembe. Anainuka polepole..."

Wote benchini walikuwa wameiona filamu hiyo humo humo, mara zisizo na idadi.

"Profesa," alisema dereva wa lori kutoka kitini, nusu kichwa kimenyolewa, "lile jeneza ni tupu."

"Tupu vipi?"

"Halina mtu. Ndiyo maana linatisha."

Wahenga walituonya kuhusu kelele za debe tupu. Hawakudhani atazaliwa mtu wa kulikimbia.

"Hiyo yenu ni kopi," Profesa alisema. "Kwenye ile halisi anatoka."

"Yetu?" Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Si flashi yako hiyo, baba? Haya, tazama."

Akabonyeza. Safari hii hapakuwa na pa kujificha. Profesa alisimama na wembe hewani, jicho moja limefumbwa, kama mtoto anayesubiri sindano. Kifuniko kikainuka. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, mto mdogo, basi.

Akashusha pumzi, benchi zima likaisikia.

"Filamu yenyewe ya kitoto," akasema. "Nilijua siku nyingi, sikutaka kuwaharibia."

Hakuna aliyemjibu. Kicheko angekistahimili.

Jumamosi iliyofuata aliweka mpira. Benchi lilijaa vilevile, maana kunyoa anajua. Lakini alipopanua kifua kueleza kosa la kipa, dereva wa lori, aliyerudi kurekebishwa ndevu, alimwomba shemeji, aliyekuja tena na kushika rimoti, aongeze sauti ya televisheni.