Chuma Kwenye Upinde

Naikumbuka Sabasaba moja, mwanangu, kwa sababu siku ile nilitaka kushinda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimehamia upande wa Mwazye juzijuzi tu, ardhi ngumu, mizizi ya nyasi imeshikamana, na zawadi ya mashindano ya upinde ilikuwa plau ya kukokotwa na ng'ombe. Mama yangu alikuwa analima huku mgongo unamuuma. Mawazoni mwangu ile plau ilikuwa imeshafika shambani kwetu.

Shida ilikuwa mkono. Homa ya masika iliniachia mtetemeko, kila nikivuta kamba upinde unacheza. Nikajaribu hili na lile, mpaka nilipofunga kwa ukanda kipande cha chuma, nilichookota kwenye tanuru la kale la wahunzi, chini kidogo ya pale ninaposhika. Upinde ukatulia. Chuma chenyewe hakikuvuta kamba wala kulenga, kilituliza tu. Rafiki yangu Kizito akanishauri nikizungushie ngozi kisionekane. Nikamkatalia, maana nilitaka plau isiyo na maneno nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya mshale wa kwanza nilikwenda kwa mwamuzi, Mzee Sikazwe, mhunzi mstaafu. "Shikamoo mzee. Upinde wangu una chuma, naomba uutazame."

Katibu wetu, kijana wa Mbeya mwenye suruali iliyopigwa pasi ikanyooka, akadakia, "Ndugu, kanuni nimeisoma mbele ya wote. Upinde usiongezewe kitu. Ondoa."

Nikawaka. Nikamwonyesha ngozi iliyozungushwa kwenye upinde wa Gaudensi wa Muze, mpinzani wangu mkubwa. Ile nayo si kitu? Sauti ilipanda mpaka akina mama waliokuwa wanakoroga pombe ya ulezi wakaacha kazi.

"Teremsha sauti," Mzee Sikazwe akasema. "Unagombana na kanuni hata hujaiuliza inazuia nini."

Akatukumbusha kwamba mwaka uliopita mtu mmoja alisimika fimbo ardhini, akaegemeza upinde, akapiga kwa raha zake. Kanuni ilitungwa kwa ajili yake, ili kila mtu aubebe upinde kwa mkono wake mwenyewe. Akaniamuru nivute bila mshale. Akanizunguka taratibu, akitazama kama chuma kinagusa ardhi, mwili wangu, au kitamzuia mpigaji wa jirani.

"Anaubeba mwenyewe, tena kajiongezea mzigo," akasema. "Ruhusa."

Sijamaliza kutabasamu, akaongeza, "Na Gaudensi akikitaka, utamwazima."

"Mzee, mimi ndiye niliyekihangaikia."

"Uliniomba ruhusa, au uliniomba upendeleo?"

Nakuambia kweli, nilimchukia yule mzee kwa muda. Gaudensi alikitaka. Hakujua kukifunga, nikamfungia mimi. Wazo la kukilegeza kidogo lilinipitia, mwanangu, na lilikuwa wazo tamu. Nikakaza ukanda mpaka vidole vikauma.

Tukapokezana kile chuma mshale kwa mshale. Nilipiga vizuri kuliko siku zote. Gaudensi akapiga vizuri zaidi, akanipita kwa upana wa kidole. Plau ikateremka bondeni, Muze.

Nyumbani mama aliniuliza kitu kimoja tu, "Wamekudhulumu?"

Nilitafuta lawama ya kumtwika mtu, nikaikosa. "Hapana, mama. Kanishinda."

"Basi kesho tunaanzia upande wa mtoni," akasema. Tukaanza, na lile shamba lote tulilimaliza kwa jembe la mkono. Safu nyingi za mama nilizilima mimi, na sikununa.

Sasa sikiliza, wewe unayeingia kwenye mashindano ya zama zako. Ukiona kanuni ina utata, usiitafutie uchochoro na usiipigie kelele. Peleka chombo chako mezani mapema, uliza kanuni inalinda nini, kisha ukipewa nafasi, kubali na mwenzako apewe ileile, hata kama itakugharimu kile unachokitaka sana. Kaza nia hapo hapo. Ukishindwa hivyo utaumia, sikufichi, lakini utaweza kumjibu mama yako bila kuinamisha macho.

Mungu akupe mkono uliotulia, na siku mkono ukitetemeka, akuachie moyo usiotetemeka.