Kila Akimwona Mwalimu, Anaanguka

Yule mtoto alinivuruga kichwa, na mimi si mtu wa kuvurugwa kirahisi. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, hospitalini hapa Mpanda. Watu wanatuita madaktari wa mazoezi, na wengine wanadhani tunakanda tu, basi. Yeye alikuwa binti wa familia ya wafugaji wa Kisukuma, upande wa Litapunga, mwenye mtindio wa ubongo. Miguu imekakamaa, na maneno yanamtoka kwa kuchelewa: unamuuliza kitu, jibu linakuja wakati wewe umeshahamia swali jingine. Lakini akili yake, mashallah, nzima kabisa.

Maisha yake yote alikuwa wa kutambaa au kubebwa mgongoni. Tukamfanyisha mazoezi, fundi wa madirisha akatuchomea fremu ya mabomba ya kushikilia, na siku moja akaanza kutembea. Mimi nilikuwa namshika kiuno kwa nyuma, bibi yake anakaa mbele na kumwita, "Mke mwenzangu, njoo! Mume wetu anasubiri chakula, we unazubaa!" Utani wao wa bibi na mjukuu. Mtoto anacheka mpaka udenda unamtoka, huku anasogea. Mwisho nikawa namwachia kabisa.

Umri wa darasa la awali ukafika. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini kwao akatoa sharti moja tu. Watoto wa awali wamejaa hadi mlangoni, mwalimu wao ni mmoja, hakuna wa kumbeba mtu. "Akitoka hapa ofisini akafika kwenye mkeka wa darasani kwa miguu yake, nampokea. Akishindwa, daktari, tusubiri mwakani."

Hilo tu? Nikamjibu kwa madaha, "Mwalimu, andaa mkeka."

Siku yenyewe nikapanda bodaboda, nikamkuta mama yake ameshamleta. Bibi alibaki nyumbani, goti linamsumbua. Mtoto kavaa sare mpya inayomfika karibu na visigino. Akaanza kutembea vizuri tu, mwalimu mkuu akatoka ofisini, na mtoto huyoo, chini! Magoti yote mawili. Tukamkimbilia, tukamnyanyua, tukamfuta vumbi, tukamsimamisha tena. Mwalimu akasogea kumpa pole, puu, chini tena.

"Umechoka?" nikamuuliza. Akatikisa kichwa. "Unaumwa?" Akatikisa kichwa. Akafungua mdomo aseme kitu, lakini mama yake alikuwa ameshambeba.

Wallahi sikuelewa. Wiki iliyofuata bibi akamleta hospitalini, na mtoto akatembea ukumbi mzima kama bi harusi. Nikakagua magoti, nyonga, raba za fremu. Nikaulaumu mchanga wa pale shuleni. Nikampeleka nyuma ya wodi kwenye mchanga, bibi yake akamwita, akatembea. Nikavilaumu viatu. Nikamlaumu mwalimu mkuu, labda ana sura ya kutisha watoto, ingawa sura yake ni ya kawaida kabisa. Nyumbani mume wangu akaniuliza mbona naongea na masufuria.

Tukarudi shuleni, bibi tena hakuweza kuja. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma, uso wa mtu ambaye jibu analo tayari. Mtoto akaenda vizuri, vizuri, akamfikia, akaiachia fremu, akashuka chini.

"Daktari," mwalimu akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko kama angefoka, "tusimtese mtoto. Mwakani."

Mama mtu akajifunika uso kwa kanga, akalia. Mimi ndiye niliyetakiwa kumkimbilia mtoto, lakini nilikuwa nimechoka, nimekasirika, sielewi kitu. Nikabaki nimeduwaa. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemnyanyua. Akabaki pale amepiga magoti, kichwa kimeinama, mdomo unahangaika. Tulisubiri bila kujua tunasubiri nini.

"Shi... ka... moo."

Mwalimu mkuu akanitazama. Mimi nikamtazama mama.

"Ndivyo dada zake wanavyosalimia," mama akasema polepole, kama mtu anayejisikiliza. "Kwetu msichana anampigia mkubwa magoti. Yeye hakuwahi kupiga, daktari. Siku zote alikuwa chini tayari."

Bibi hapigiwi magoti, bibi ni mke mwenzake. Mimi alikuwa ananisalimia akiwa mgongoni, halafu mazoezi yote niko nyuma yake. Kumbe mwalimu huyu ndiye mkubwa wa kwanza kumkuta amesimama. Na kila alipompa heshima yake, sisi tulimkwapua juu kabla neno halijatoka.

"Marahaba," mwalimu akasema. "Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo mtoto akashika bomba la fremu, akatanguliza mguu mmoja, akatetemeka, akajisukuma, akasimama. Peke yake! Kunyanyuka kutoka chini nilikuwa sijamfundisha, niliona ni mapema mno. Hadi leo sijui alijifunzia wapi, na bibi yake nikimuuliza anacheka tu. Nililia pale uwanjani, sioni aibu kusema.

Akaelekea darasani. Njiani akakutana na mwalimu wa darasa la pili, akashuka chini. Tukasubiri. Marahaba. Akainuka. Akatokea mwalimu wa zamu, chini tena, tukasubiri tena. Alipoufikia mkeka, wenzake walikuwa wanakunywa uji.

Mwalimu mkuu alitufuata nyuma muda wote. Pale mlangoni akamgeukia mama.

"Kesho umlete mapema," akasema. "Walimu tuko wengi."