Kisiwa cha Mwamba Ndani ya Karai

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwalimu Mkuu hakunipeleka darasani. Alinipeleka kwenye tangi la maji lililokuwa tupu. Shule yetu ya upili ilikuwa upande wa Endarasha, na ninyi mnaofungua mfereji leo hamwezi kujua kiangazi cha Kieni, nyanda zetu kavu, kilivyokuwa. Kila mwanafunzi alikuja asubuhi na mtungi wa maji kutoka kwao, na maji hayo ndiyo yaliyopikia githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana. Akanikumbusha pia kwamba nilikuwa kwenye majaribio: ripoti yake ndiyo ingenithibitisha kazini au kunirudisha nyumbani.

Nilifundisha jiografia. Kidato cha tatu walinishinda kwenye visiwa vidogo vya mwamba, vile vinavyosimama peke yao karibu na pwani. Niliwaeleza rasi, yaani nchi iliyochomoza baharini, na jinsi mawimbi yanavyoichimba mapango huku na huku hadi yakutane, yawe tao. Dari ya tao ikianguka, ncha inabaki kisiwa. Waliandika yote vizuri. Kisha Wangechi, msichana wa dawati la mbele, akauliza kisiwa hicho kinaelea juu ya nini. Wenzake hawakucheka, nao walitaka kujua. Nilichoka, jamani.

Wiki iliyofuata nikasema liwalo na liwe. Nikaazima karai la fundi, nikafinyanga rasi ya udongo laini, na kwenye ncha nikasimamisha jiwe gumu. Wanafunzi wakamimina maji ya mitungi yao, wakawa wanayasukuma kwa sahani, wimbi baada ya wimbi, hadi udongo ukatoboka tao. Mpishi akaenda kunishtaki, na alikuwa na haki. Sufuria ilikuwa jikoni bila maji.

Mwalimu Mkuu alifika amekunja uso. Nilijua kazi imekwisha.

“Mwalimu, ati hii ni maji ya githeri?”

Nikakubali. Akainama kulichukua karai. Hapo hapo tao likabomoka, udongo ukaenda na maji, jiwe likabaki limesimama peke yake. Wangechi akaingiza mkono, akapapasa chini yake.

“Kumbe haielei,” akasema. “Ni ile ile nchi. Katikati ndiyo imeliwa.”

Mwalimu Mkuu aliliacha karai pale pale. Kisha akatoa maji ya nyumbani kwake, akamtuma mpishi akayachote, na siku hiyo tulikula jioni. Wanafunzi walipotoka akanivuta kando. Hakuwa mtu wa kusema mengi.

“Nimefundisha hicho kisiwa miaka mingi,” akaniambia. “Leo ndiyo nimekiona.”

Ripoti yake ilinithibitisha. Nilihamishiwa Mwea, kisha Kangema, na kote huko nilifundisha somo hilo kwa udongo na maji hadi nikastaafu. Wanangu hunicheka kwamba bahari yenyewe sijawahi kuiona. Wacha wacheke. Wanafunzi wangu wengi wamefika huko, na hakuna aliyerudi kuniambia nilimdanganya.