Marahaba ya Mama wa Mapokezi

Mama wa mapokezi kwenye duka la mbegu pale Mpanda hakuwahi kupokea simu kabla ya kuweka kilemba sawa, utadhani mpigaji anamwona. Nashon, fundi wa simu, alipong'oa boksi la nyaya ukutani na kuleta mfumo wa intaneti unaopokea simu wenyewe, alirekodi sauti ya Mama: “Karibu. Kwa mbegu, bonyeza moja.” Haikupita wiki, wakulima wa Kasekese wakanuna: “Mama siku hizi anaringa! Tunamwamkia, haitikii.” Nashon alicheka sana. Mama hakucheka, aliweka kilemba sawa, akataka warekodi upya. “Karibu,” akasema, akanyamaza, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. “Marahaba, mwanangu. Kwa mbegu, bonyeza moja.” Siku hizi hata Nashon, akipiga kuujaribu mfumo wake, huanza na shikamoo, halafu anasubiri aitikiwe.