Tulivyojaza Kanisa la Tantine Vestine

Jumanne shangazi yangu, Tantine Vestine, alinipigia simu kutoka Gikundamvura. Jumapili padri angekuja kuamua kama kanisa lao dogo la mlimani lifungwe, maana waumini walibaki kama kumi, wazee watupu. Vijana walikuwa wamehamia mjini Kamembe au kuvuka mpaka kwenda Bukavu.

"Kuya na bantu," aliniamuru. "Hata kama habajue kuimba, bakae tu!"

Mimi ni fundi cherehani Kamembe. Nilizaliwa Bukavu, na hicho kijiji cha baba yangu nilikijua kwa harusi na misiba tu. Nikakusanya binamu wanne.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka kwa pikipiki tano. Tulipita mashamba ya mpunga ya Bugarama tukishangilia kama wasindikizaji wa bwana harusi. Baada ya hapo vumbi lilitupaka sote rangi moja, hata binamu yangu Didas na suti yake nyeupe.

Mlimani tulikuta nyumba zilizozibwa kwa mbao, magugu yamefika madirishani. Kelele zetu zikaisha zenyewe.

Saa tatu tulifika. Tantine akatuonyesha viti vya mbele. "Bageni bakae hapa."

"Tantine, mimi siko mugeni!"

"Basi, choo iko wapi?"

Nikageuka huku na huku kukitafuta. Kanisa zima likacheka.

Misa ikaanza. Wazee waliimba Kinyarwanda. Sisi tusiojua maneno tukaitikia kwa Kiswahili, Didas akinguruma kama ng'ombe. Padri alijizuia kucheka. Mwishoni akauliza, "Jumapili ijayo nani atakuwa hapa?"

Mikono ya wazee ikapanda. Sisi tukatazama viatu vyetu. Nilimwona Tantine akinitazama, wala hakuwa anatania tena.

"Mara moja kwa mwezi, mon père," nikasema. "Tutakuja."

"Basi nami nitakuja mara moja kwa mwezi. Mukikosa, ninafunga."

Mchana, tulipokuwa tunawasha pikipiki, Tantine alinitia ufunguo wa kanisa mkononi. "Usipofika, tutasali inje, kwa mvua. Na nitakutukana mbele ya bantu yote."

Jioni niliingia Kamembe nikiwa nimechoka, mfuko mzito kwa ule ufunguo. Miaka yote nilipeleka sukari na sabuni kijijini, nikashukuriwa, nikasahauliwa. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu huwa wa mahali pale watu wanapoweza kumkasirikia akichelewa.