Ndege Ambayo Noëlla Hakuipanda

Dada yangu Noëlla alipigiwa makofi uwanja wa ndege wa Kolwezi kwa kushuka kwenye ndege ambayo hakuipanda.

Nami nilipiga makofi. Mjinga mwenzao.

Noëlla alikuwa mfanyakazi wa ndani Uarabuni. Vita vikalipuka. Akapigia simu ubalozi wetu huku mabomu yakidondoka mtaani kwake.

"Mutulie, mama. Dossier inatembea," wakamjibu.

Nyumba ya jirani ikabomoka. Dossier, yaani faili lake, bado inatembea.

Siku moja akakuta Waangola wakipandishwa basi, serikali yao imewafuata. Mama yetu ni Mchokwe wa Dilolo, na Wachokwe wako pande zote mbili za mpaka wetu na Angola. Noëlla akamsalimia ofisa wao kwa Kichokwe, kwa heshima zote, kama anavyomsalimia mjomba.

"Hakuniuliza hata karatasi," alitusimulia. "Ananiambia tu: panda, dada."

Akatua Luanda, akavukia Dilolo, akafika kwetu juu ya lori la makaa. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Wiki haijaisha, akatokea Tata Tshilombo, mkubwa wa ofisi ya serikali, suti na miwani myeusi. Ndege ya uokoaji iliyotumwa na serikali yetu ilikuwa inarudi, na itatua Kolwezi kwa mapokezi. Ndani wamo wakubwa waliokwenda kuwaokoa raia. Raia wenyewe hawakupatikana. Wakubwa walijiokoa wao, pamoja na masanduku ya manunuzi.

"Tunaomba tu utoke mu ndege, kamera ikuone."

"Sikupandaka ile ndege, tata."

"Haina neno. Utapanda hapa, utashuka hapa."

Siku ya mapokezi akapanda ngazi, akashuka. Tshilombo akammwagia poda kichwani, kama tunavyommwagia mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha akamsogezea kipaza sauti.

"Sema merci kwa serikali."

"Merci kwa serikali," akasema Noëlla. Makofi yakapigwa. "Ile ya Angola."

Kamera zikazimwa. Nikajua leo tumekwisha.

Tshilombo akamvuta dada pembeni. Nikawafuata, ngumi tayari. Kumbe mzee wa watu anavua miwani yake.

"Mutoto yangu Gloire eko kule Uarabuni mpaka leo," akanong'ona. "Ile salamu ya Kichokwe, banaisemaka namna gani?"

Noëlla akamfundisha, neno kwa neno, na poda yake kichwani.

Ndugu zangu, moto ukikuwakia ugenini, usipoteze muda kuuliza serikali yako iko wapi. Uliza wakubwa wake wanawafundisha watoto wao kumsalimia nani.